Akiba ya Miaka ya Masomo

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetutunukia akili na kutuheshimu kwa elimu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba wake. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, nami naiusia nafsi yangu, kumcha Mungu katika siri na dhahiri. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu,

Mnaijua habari ya Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alipoifasiri ndoto ya mfalme wa Misri. Hakungoja njaa ibishe hodi ndipo atafute chakula. Aliagiza watu walime miaka saba na nafaka ihifadhiwe masukeni, iwe akiba ya miaka saba ya dhiki. Katika habari hiyo mna funzo kwa kila mzazi mwenye mtoto katika shule ya sekondari.

Wazazi wengi hudhani kwamba mlango wa chuo kikuu hufunguliwa siku matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa. Sivyo. Hapa Tanzania mlango huo huanza kufunguka, au kufungwa, tangu mtoto anapochagua masomo ya kidato cha tatu. Tutazame mfano wa udaktari. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili humtaka mwombaji anayetoka kidato cha sita awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia. Masomo hayo matatu ndiyo tahasusi ya PCB, wala haingii PCB ila aliyeyafaulu vyema katika kidato cha nne. Naye aliyeliacha somo hawezi kulifanyia mtihani. Basi binti aliyeikimbia Fizikia, kwa kuwa maabara haikuwa na vifaa, au kwa kuwa aliambiwa si somo la wasichana, huenda akapata daraja la kwanza katika masomo mengine, na bado njia hiyo ya udaktari ikawa imekwisha kumponyoka. Na baba yake hakuwa na habari.

Enyi wazazi, mtoto ni amana, na kila mmoja wetu ataulizwa juu ya amana yake. Mwulize mwanao leo anasoma masomo gani, na anayasomea nini. Nenda shuleni ukaonane na mwalimu kabla ya uchaguzi, si baada yake. Mpunguzie kazi za jioni, hasa binti, ambaye mara nyingi hufungua daftari baada ya vyombo vyote kuoshwa na nyumba nzima kulala. Tengeneza na hati zake mapema. Cheti cha kuzaliwa huhitajika katika kuomba mkopo wa elimu ya juu, na jina lililoandikwa Abdallah katika cheti kimoja na Abdala katika kingine huleta taabu wakati ambao siku zilizobaki ni chache.

Nanyi vijana, ombeni dua, lakini dua haishiki mahali pa daftari. Fanyeni mazoezi ya mitihani ya miaka iliyopita, na msilolielewa mliulize lingali changa. Jiepusheni na wauzao mitihani. Baraza la Mitihani humfutia matokeo mdanganyifu. Na hata asipokamatwa, mgonjwa atakayelazwa mbele yake siku moja ndiye atakayelipa deni lile.

Atakayejitahidi kisha akakosa nafasi asikate tamaa, kwani riziki haina mlango mmoja. Ufundi, uuguzi na kilimo pia ni kazi za heshima. Lakini tusiifanye kadari kuwa kisingizio cha uzembe wetu.

Ewe Mola wetu, wazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, na utujaalie sisi wazazi kuwa wachunga wa kweli wa amana zetu. Nasema haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu. Amina.