Mkulima Hana Kengele

Hotuba ya Katibu katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu



Sifa za Chama chetu zimekwisha kunenwa na waliotutangulia. Sisi twaomba ruhusa tuseme juu ya jambo moja lililo nyuma ya sifa hizo, nalo ni siku ya mkulima na jinsi aitumiavyo.

Mfanyakazi wa kiwandani huitwa na king'ora, na karani ana saa yake ya kuingia na ya kutoka. Mkulima wa kahawa hana kengele wala msimamizi. Yeye ni bwana wa nafsi yake, na hiyo ndiyo fahari yake; lakini asiyejiamuru mwenyewe huamriwa na kila apitaye njiani. Watu humwona yu nyumbani, wakadhani hana kazi.

Kahawa, hata hivyo, ina saa zake. Iliyochumwa leo yapasa kumenywa leo. Ikilala ndani ya gunia hupata joto na kuchacha. Ikisha kumenywa hulowekwa siku moja hata tatu, kwa kadiri ya baridi ya mahali, kisha huoshwa kwa maji safi na kuanikwa juu ya vichanja muda wa wiki mbili hivi, ikigeuzwa mara kwa mara na kufunikwa mvua inyeshapo. Na kwa kuwa kilo 6 hivi za kahawa mbivu hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi, uzembe wa jioni moja hula jasho la siku nyingi. Tena punje chache zilizooza zaweza kuharibu ladha ya gunia zima. Kahawa yetu huchanganywa ghalani; basi mzembe hajipunji peke yake, bali humpunja na jirani yake aliye mwangalifu.

Kwa hiyo twashauri mambo manne. Kwanza, asubuhi, kabla ya jua kali, iwe ya shamba: kuchuma, kupalilia, kupogoa, na alasiri iwe ya kumenya na kuosha. Pili, kila jioni tuandike kazi iliyofanyika, kilo zilizopelekwa na fedha zilizotumika, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, msiba na mgeni haviepukiki, wala utu hauachwi; lakini kabla ya kuondoka, tumkabidhi mtu vichanja kwa jina, naye akubali. Nne, utaratibu usiwe njia ya kumtwika mama kazi zote. Yeye hutangulia kuamka na huchelewa kulala. Tugawane kazi kwa haki, na kila mtu wa nyumba apate saa yake ya kupumzika, kwani mkono uliochoka huchuma mbichi pamoja na mbivu.

Wenzetu wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha wakulima mwaka 1925, na Chama Kikuu chao, KNCU, kikaandikishwa mwaka 1933. Vyama vya namna hii havisimami kwa hotuba, bali kwa kahawa njema iletwayo ghalani na mtu ambaye hakuna aliyemsimamia.

Ndugu wanachama, leo tumecheza ngoma, na ni halali yetu. Kesho alfajiri hakuna atakayetugongea kengele. Na tujigongee wenyewe.