Maji Hayangoji Kikao

Leo tuko Kaunti ya Tana River, nchini Kenya. Kuanzia mwishoni mwa 2020, wafugaji wa huko walipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba, mifugo ikafa. Novemba 2023 zikaja mvua za El Niño, na watu walewale waliopoteza mifugo wakahama nyumba zilizojaa maji.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti sehemu ya jukumu la kukabili maafa, na sheria inaziruhusu kuwa na hazina ya dharura. Lakini pesa peke yake haiendeshi mashua. Anahitajika afisa aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, anayejua kijiji kipi hukatika kwanza na ufunguo wa ghala uko kwa nani.

Upande wa ukame tuna mfano. Mamlaka ya kitaifa ya kukabiliana na ukame, NDMA, hufuatilia hali katika kaunti 23 kame na nusu kame. Kila mwezi watu wake huenda kwenye maboma kuuliza: maziwa ni bei gani? Maji yako umbali gani? Mkono wa mtoto hupimwa kwa utepe wa rangi kuona kama ana utapiamlo. Ukiangukia nyekundu, mtoto huyo yuko hatarini. Mafuriko nayo yanastahili watu kama hao, na si kamati inayoitwa maji yakishafika mlangoni.

Ndugu msikilizaji, bajeti ya kaunti ikijadiliwa, fika ukumbini, uulize: afisa wetu wa dharura ni nani, na nambari yake ya simu ni ipi?