SENTI YA SHABA NA MACHO YA KIJANA

Upo ubishi mmoja unaonivutia kuliko ule wa wabunge. Ni ubishi wa vijana wa Marekani wanaokusanya senti za mwanzo kabisa za nchi yao. Baadhi yao ndevu hazijaota. Mmoja huitoa senti yake, wenzake huipokea kwa ncha za vidole, wakiishika ukingoni tu, maana jasho la mkono ni adui wa shaba. Wanaichungulia kwa kioo cha kukuzia, kisha kila mmoja anataja namba. Huyu anasema 12, yule 20, na wa tatu anawaambia wote wawili hawajaona kitu: senti hii imesuguliwa.

Namba hizo zina historia yake. Mwaka 1949 mtaalamu wa saikolojia aliyeitwa William Sheldon alitoa kitabu juu ya senti kubwa za shaba za miaka ya 1793 hadi 1814. Humo alipendekeza kipimo cha kuanzia 1 hadi 70. Daraja la 1 ni senti iliyolika hadi inatambulika kwa shida. La 70 ni kama imetoka kiwandani sasa hivi. Hesabu yake ilikuwa ya sokoni hasa: ikiwa ya daraja la 1 inauzwa dola moja, ya 70 iuzwe dola 70. Soko liliivunja hesabu hiyo mapema, lakini namba zimebaki mpaka leo.

Majina ya madaraja yenyewe yanachekesha. Daraja la 4 wanaliita "nzuri". Ukiishika hiyo "nzuri" utaona kivuli cha kichwa cha mwanamke, mwaka, na basi. Biashara ni biashara, hata kwa wakusanyaji.

Sasa, kwa nini senti za miaka hiyo zilete ubishi mwingi hivyo? Sheria ya kuanzisha kiwanda cha sarafu ilipitishwa Aprili 1792, na kiwanda kikajengwa Philadelphia. Machi 1793 zikatoka senti za kwanza za kutumika, zipatazo 36,000. Upande mmoja palikuwa na sura ya Uhuru, nywele zikipepea. Upande wa pili mnyororo wa pete 15, kila pete kwa jimbo moja. Watu walinung'unika: Uhuru na minyororo vinakaaje kwenye senti moja? Mnyororo ukaondolewa mwaka huo huo, likawekwa shada la majani. Tena kwenye chapa ya kwanza mchongaji aliogopa kukosa nafasi, akalifupisha jina la nchi yake mwenyewe, akaandika "AMERI." na nukta.

Chapa zilichongwa kwa mkono, moja moja, kwa hiyo hazifanani. Senti za 1794 peke yake zina aina zaidi ya 50. Iko moja yenye nyota ndogo 94 zimeuzunguka ukingo wa nyuma, nyota ambazo huzioni mpaka uambiwe zipo. Kijana anayezifahamu aina hizi hutofautisha sehemu iliyolika na ile ambayo chapa haikuigonga sawasawa tangu siku ya kwanza. Hapo ndipo ubishi wa 12 na 20 unapoanzia, na si ubishi wa kitoto, kwani hatua moja ya daraja yaweza kuzidisha bei mara mbili au zaidi.

Tangu 1986 kuna kampuni zinazopokea sarafu kwa malipo, kuipa namba na kuifungia ndani ya plastiki ngumu. Faida ipo, sikatai. Senti bandia ni nyingi, na mnunuzi anahitaji kinga. Lakini kuna wanaoipasua plastiki na kuirudisha senti ile ile, wakitumaini safari hii watapewa namba kubwa zaidi. Ikiwa namba hubadilika na senti haijabadilika, mnunuzi ananunua nini? Klabu ya wapenzi wa shaba hizo, Early American Coppers, iliyoundwa 1967, ina desturi yake: unaangalia kwanza imelika kiasi gani, halafu unapunguza kwa kila kovu, kila doa la kutu ya kijani. Mara nyingi namba yao huwa chini ya ile ya kwenye plastiki. Mimi ningemfunza kijana njia hii.

Ningempa na mizani ndogo. Senti ya 1793 ilitakiwa kuwa na uzito wa gramu 13.48; mwishoni mwa 1795 ukashushwa hadi 10.89. Bandia nyingi huumbuka hapo hapo. Sheria ya Marekani ya 1973 inataka nakala iandikwe kuwa ni nakala, ila tapeli hasomi sheria.

Jambo jingine wanalofundishana ni kutosafisha. Hapa kwetu mtu akiokota senti ya zamani yenye tundu hukimbilia ndimu na majivu. Huko ukiing'arisha shaba umeiua. Ile rangi ya kahawia ya miaka 200 hairudi.

Na wazee wao hawawafichi habari ya Sheldon mwenyewe. Baada ya kifo chake mwaka 1977 ilibainika kuwa bwana huyu aliyewapa kipimo alikuwa akichukua senti bora za jumba la American Numismatic Society, New York, na kuacha mahali pake zake zilizo duni. Kesi ilifika mahakamani, na miaka ya 1990 jumba likashinda. Alifanikiwa kwa sababu hakuna aliyezitazama zile zilizobaki kwa makini. Ndiyo maana kila kiangazi huko Colorado Springs, kwenye mafunzo ya chama chao, mwanafunzi huwekewa senti bila namba yoyote, aitazame na aseme mwenyewe.