Namna ya Kusimamisha Tomati

Ndugu zangu, nanyi bamama wenye bustani, leo nitasema juu ya nguzo za tomati.

Mutu ataniuliza: "Monitere, wazee wetu waliacha tomati zitambae chini, nao walikula. Sababu gani tujisumbue?" Ni kweli, walikula. Lakini sisi tunapeleka kitunga sokoni, Likasi na Kolwezi. Tunda lililolala udongoni linaoza upande mumoja, na mununuzi analigeuza kwanza. Tena mvua ikipiga, matope yanaruka juu ya majani pamoja na ugonjwa. Muche uliosimama unapata upepo, na majani yake yanakauka upesi.

Fanyeni hivi. Kateni miti minyofu, urefu wa metre 2, yote sawasawa. Menyeni maganda yake, miti iwe myeupe na laini. Vuteni kamba toka mwanzo wa mustari hata mwisho, mukasimike miti kwa kuifuata, nusu metre toka muti hata muti, na sentimetre 40 ndani ya udongo. Simikeni mbele ya kupanda miche. Mukisimika nyuma, mutakata mizizi.

Shina likiongezeka shubiri moja, lifungeni kwa kitambaa kizee ao kamba ya maganda, kwa mufano wa 8: tundu moja kwa muti, tundu lingine kwa shina. Musikaze, maana shina litanenepa. Waya mwembamba uacheni, unakata shina. Machipukizi yanayoota kati ya jani na shina, yavunjeni yangali madogo.

Mwenye kutaka uzuri zaidi, apande mistari miwili, nguzo zikutane juu kama paa la nyumba, na muti murefu ulale juu yake. Upepo hautaziangusha. Karibu na mulango wa nyumba, funga nguzo tatu pamoja juu, na muche mumoja kwa kila nguzo. Matunda mekundu yataonekana toka njiani.

Neno la mwisho. Karibu na migodi, miti mingi imekwisha kukatwa kwa makala. Tusimalize iliyobaki kwa ajili ya tomati. Tumieni mianzi, ao matete mawili mawili yaliyofungwa pamoja. Nyuma ya mavuno, ng'oeni nguzo, muzianike juani, muziweke mahali pakavu. Zile za miche iliyougua, zichomeni. Na mwaka unaokuja musimike mahali pengine, si pale pale. Anayetunza nguzo zake hataingia tena porini na shoka.