Kichwa Kinapomuuma Mwenye Kisukari: Kupima Kabla ya Kumeza

Mada ya semina ya watu wanaoishi na kisukari na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Bukoba na Muleba

1. Utangulizi



Huku kwetu kichwa kikiuma, jibu huwa tayari kabla mgonjwa hajamaliza kueleza: malaria hiyo. Mazoea haya yana sababu. Muleba imewahi kupigwa na milipuko mikali ya malaria, na mwaka 2007 ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo Tanzania Bara kupuliziwa dawa ya ukoko majumbani. Kama si malaria, watu husema presha. Kama presha nayo haipo, mtu anameza Panadol mbili, anajifunga khanga kichwani na kulala hadi jioni.

Kwa mtu asiye na kisukari, mara nyingi mambo huishia hapo bila madhara. Kwa mwenye kisukari, kulala huko hadi jioni bila kula wala kupima ndiko kunakotutia hofu kliniki. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, 9 katika kila 100 wana kisukari. Nao utafiti uliofanywa nyumba kwa nyumba eneo la Haydom, mkoani Manyara, ukihusisha watu zaidi ya 7,000, ulikuta takriban watu 4 katika kila 100 wana kipandauso, wanawake wakiwa karibu mara 3 ya wanaume. Kwa hesabu hizo, haiwezekani tukakosa watu waliobeba maradhi yote mawili.

Hoja yangu ni moja: mwenye kisukari akiumwa kichwa, apime sukari kabla ya kumeza chochote, na apange siku yake kwa saa, kwa sababu kinachovuruga sukari yake ndicho mara nyingi kinachoamsha kipandauso chake.

2. Kipandauso tunakitambuaje?

Si kila kichwa kikali ni kipandauso. Kipandauso huja kwa vipindi. Kisipotibiwa, kipindi kimoja huchukua saa 4 hadi 72, kisha mgonjwa anarudi katika hali yake. Mara nyingi huuma upande mmoja, kikigonga kwa kufuata mapigo ya moyo, na huzidi mtu anapopanda kilima au hata ngazi. Huambatana na kichefuchefu au kutapika, na mgonjwa hutaka giza na ukimya. Kwa baadhi ya watu hutanguliwa na dalili za macho kwa dakika 5 hadi 60: vimulimuli, mistari ya kukatakata, au sehemu ya kitu anachokitazama kutoonekana.

Kwa kawaida huanza ujanani, na aghalabu mama, shangazi au bibi naye alikuwa nacho. Ukiuliza vizuri nyumbani utasikia, "Hata mama alikuwa anajifungia chumbani." Jibu hilo lina uzito kuliko vipimo vingi, kwa sababu kipandauso hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa, hakuna kipimo cha damu kinachokionyesha.

3. Je, kisukari huleta kipandauso?

Wengi hudhani hivyo. Utafiti mkubwa wa Ufaransa, uliofuatilia wanawake zaidi ya 74,000 na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kinyume. Wenye kipandauso kilicho hai walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata kisukari cha aina ya pili. Isitoshe, kati ya wanawake ambao hatimaye walipata kisukari, kipandauso kilikuwa kikipungua taratibu miaka mingi kabla ya kisukari kugunduliwa.

Kwetu tunaohudumia wagonjwa, somo lake ni hili. Mtu aliyekuwa na kipandauso tangu shuleni akaja kupata kisukari, huyo tunamjua ana vyote viwili. Lakini mtu mwenye kisukari, ana miaka 55, hajawahi kuumwa kichwa cha namna hiyo, na leo kimeanza, tusikimbilie kumwambia ana kipandauso. Tutafute kwanza sukari iliyoshuka, sukari iliyopanda na kumkausha maji, presha, malaria, macho, meno, na dawa anazotumia.

4. Maradhi mawili yanapokutana

Yapo makutano matatu ninayotaka tuyaelewe vizuri.

La kwanza ni njaa. Kukaa muda mrefu bila kula ni kichocheo kinachojulikana sana cha kipandauso. Kwa anayetumia insulini au glibenklamaidi, njaa hiyo hiyo hushusha sukari, na sukari iliyoshuka yenyewe huumiza kichwa. Jasho, kutetemeka, njaa kali na kuchanganyikiwa huelekeza kwenye sukari; kuchukia mwanga na kichefuchefu huelekeza kwenye kipandauso. Ila dalili huingiliana, na mashine ya kupimia sukari ndiyo inayotoa jibu la hakika.

La pili ni tumbo. Wakati wa kipandauso tumbo husinzia: chakula na vidonge hukaa bila kusukumwa. Ndiyo maana dawa iliyomezwa kichwa kikiwa kimeshapamba moto huonekana haifanyi kazi, mgonjwa akaongeza nyingine juu yake. Huku tumbo likiwa limesinzia, insulini aliyochoma asubuhi inaendelea na kazi yake ya kushusha sukari.

La tatu ni malaria. Malaria kali hushusha sukari, na kwinini nayo hushusha sukari. Kwa hiyo mwenye kisukari akionekana na vimelea, kupima sukari kunakuwa muhimu zaidi kuliko siku nyingine.

5. Hatua za kufuata kichwa kinapoanza

Kwanza, pima sukari. Stripu ni ghali na wengi wetu tunazihesabu, lakini kama umebakiza moja, siku yake ni hii. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, tibu sukari kwanza: vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Ngoja dakika 15, pima tena; ikiwa bado iko chini, rudia. Ikishapanda, kula. Kichwa kinaweza kuendelea kuuma kwa muda hata sukari ikiwa imerudi, kwa hiyo usiendelee kujaza sukari kwa ajili ya kichwa. Na aliyepoteza fahamu hanyweshwi kitu: mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali.

Pili, ukiwa na homa au mwili unauma, pima malaria kwa kipimo cha haraka. Hakuna sababu ya kumeza mseto kwa kubahatisha wakati kipimo kipo zahanati.

Tatu, kama ni kipandauso chako unachokijua, meza dawa mapema, ndani ya saa ya kwanza. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, parasetamoli vidonge 2 vya mg 500 ni mwanzo mzuri, bila kuzidisha vidonge 8 kwa siku. Kama unatapika kila mara, mwambie daktari akuandikie dawa ya kutuliza kutapika. Baadhi ya dawa hizo husaidia pia tumbo kufanya kazi.

Nne, kunywa kidogo kidogo: uji mwepesi, chai, mchuzi. Pima sukari kila baada ya saa 3 au 4. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache kabisa insulini yake hata kama hali; dozi ndiyo hurekebishwa kwa ushauri. Anayemeza glibenklamaidi na hawezi kula, asimeze kabla ya kuuliza kliniki. Anayemeza metfomini na anatapika hadi kukaukiwa maji, aisimamishe na apate ushauri siku hiyo hiyo.

Tano, asiachwe peke yake chumbani. Giza na ukimya apewe, lakini kila baada ya muda mtu aingie amsemeshe. Akijibu ovyo, tusiseme ni maumivu tu, tupime.

6. Dawa za kuulizia kabla ya kutumia

Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila duka la dawa kuanzia Bukoba mjini hadi visiwani Bumbire. Zinatuliza kipandauso, lakini kwa mwenye kisukari ambaye figo zimeanza kuguswa, au anayetumia dawa za presha na za kukojoa, zinaweza kuzidhoofisha figo haraka. Kama hujawahi kupimwa figo, pima kwanza.

Propranololi hutumika kuzuia kipandauso kisirudi. Ubaya wake kwa anayetumia insulini ni kwamba huficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, dalili ambazo zingemwonya kuwa sukari inashuka. Jasho hubaki, ajifunze kulitegemea. Amitriptilini husaidia kipandauso na pia kuungua kwa miguu kunakosababishwa na kisukari, ila huweza kuongeza uzito. Valproeti pia huongeza uzito, na haifai kwa mwanamke anayeweza kushika mimba kwa sababu humdhuru mtoto.

Mwanamke mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwani huongeza hatari ya kiharusi, na kisukari kimeshaiongeza. Zipo njia nyingine, mkunga atamwelekeza.

Jambo la mwisho kuhusu dawa: anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, anaweza kuwa anaumwa kichwa kwa sababu ya dawa zenyewe. Kwa dawa za mchanganyiko, siku 10 zinatosha kumfikisha huko.

7. Vichocheo vya kwetu

Vitabu hutaja jibini na mvinyo mwekundu. Tuangalie vya hapa nyumbani.

Msimu wa senene, hasa Novemba na Desemba, watu hukesha kwenye mitego: taa kali zimeelekezwa juu, mabati yanang'aa pande zote, mapipa yamewekwa chini. Mtu anakodoa macho kwenye mwanga huo hadi alfajiri, hajalala, hajala, halafu asubuhi anachoma insulini ile ile ya siku zote. Hapo kuna vichocheo vitatu katika usiku mmoja. Senene wenyewe hawana tatizo kubwa kwa sukari. Chumvi ya kuwakaangia ndiyo ya kupunguza kwa mwenye presha. Anayekwenda kwenye mtego avae kofia yenye ukingo, akae nyuma ya taa, abebe chakula, na apokezane zamu ili apate usingizi.

Kahawa nayo ina pande mbili. Anayekunywa vikombe kadhaa kila siku, au mzee aliyezoea kutafuna buni (akamwani) kutwa nzima, akiacha ghafla ataumwa kichwa ndani ya siku moja au mbili. Tusimwambie mtu aache leo leo, apunguze taratibu. Na kahawa chungu ya asubuhi tumboni tupu haihesabiwi kuwa kifungua kinywa.

Lubisi, pombe yetu ya ndizi, huweza kuamsha kichwa na pia kushusha sukari saa nyingi baada ya kunywa, hata usiku wa manane. Wanywaji wenzake watadhani mgonjwa amelewa, kumbe sukari imemwisha.

Kisha misiba, harusi na mfungo. Kwenye msiba chakula kinaweza kuiva saa 10 jioni, na mgeni huona haya kuulizia. Ndizi mbivu moja na karanga mfukoni si utovu wa adabu. Anayetaka kufunga Ramadhani au Kwaresima aonane na kliniki wiki kadhaa kabla, ili dozi na saa za dawa zipangwe upya.

8. Daftari moja

Wengi wana daftari la sukari. Kichwa hawakiandiki popote. Viandikwe pamoja. Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kamachumu anayetumia insulini:

Jumanne. Saa 12 asubuhi sukari 7.2. Insulini kama kawaida. Chai kavu. Msiba Nshamba. Saa 8 mchana kichwa upande wa kushoto, mwanga unakera, jasho. Sukari 3.4. Nimekunywa soda. Nimekula saa 10. Kichwa kimeisha usiku.

Mistari hiyo michache inamwonyesha daktari kwamba tatizo la Jumanne lilikuwa chai kavu juu ya dozi kamili. Bila daftari, mwalimu huyu angeongezewa dawa ya kichwa. Siku kama hizo zikiandikwa kwa miezi miwili, itajulikana vichwa vingapi vilitokana na sukari na vingapi ni kipandauso chenyewe kinachohitaji dawa ya kuzuia.

9. Dalili za kutosubiri

Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, iwe Rubya, Ndolage, Kagondo au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Bukoba, iwapo: kichwa kimempiga ghafla kwa ukali asioujua; mkono, mguu au uso umelegea upande mmoja, au maneno hayatoki sawa; ana homa na shingo imekakamaa; haoni vizuri na hali hiyo haiishi; ni mjamzito mwenye presha; au anatapika huku sukari iko juu ya 15 na haishuki. Kwa anayeishi na VVU, kichwa kinachouma kwa wiki kadhaa kichunguzwe, kwani homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi huanza kimyakimya namna hiyo.

10. Mapendekezo

Wahudumu wa jamii waongeze swali moja kila wanapomtembelea mwenye kisukari: kichwa kilikuuma lini mara ya mwisho, na sukari ilikuwa ngapi? Zahanati zipime sukari kila mwenye kisukari anapofika akilalamikia kichwa, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha vimelea. Wauza dawa waulize kuhusu kisukari kabla ya kutoa diklofenaki. Familia zijue kupima, ili mgonjwa asipoweza kushika mashine, mtoto au mke aweze.

11. Maswali ya vikundi

Kikundi cha kwanza kijadili: nyumbani kwako, nani mwingine anajua kutumia mashine yako ya sukari? Cha pili: mgonjwa wa kisiwani akianza kutapika usiku na boti haipo hadi asubuhi, mtafanya nini saa kwa saa? Cha tatu kiandike ukurasa wa daftari wa siku moja ya msiba au ya msimu wa senene, kisha kionyeshe ni saa ngapi mgonjwa alipaswa kula.