Chaja Ikilipuka, Usiitupe
Msikilizaji, umechomeka chaja mpya ukutani, mara ikalipuka na kuunguza godoro. Wengi huitupa jalalani na kumwachia Mungu. Hapo ndipo kesi inapofia! Iweke pamoja na boksi lake na risiti, piga picha palipoungua. Ukiumia, omba ripoti ya daktari. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inakupa haki ya fidia kwa hasara au jeraha litokanalo na kasoro ya bidhaa. Muuzaji akikupiga chenga, nenda Mahakama ya Madai Madogo: husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na wakili si lazima. Chaja yenyewe iripoti KEBS, shirika la viwango la Kenya, maana huenda duka ulikoinunua bado linauza nyingine kama hiyo. Na usichelewe: kwa kawaida, dai la madhara lina ukomo wa miaka 3.