HOTUBA YA MWENYEKITI WA KIKUNDI: CHUNGU CHETU



Tulianza mwaka 2015 tukiwa 12, tumekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, na sanduku letu la kufuli tatu. Leo tuko 28. Habari za hisa, mikopo na marejesho mtazisoma kwenye taarifa ya Mweka Hazina humu humu kitabuni. Sisi tumeombwa tuseme juu ya kitu kisichoandikwa kwenye daftari lake, nacho ni chungu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunakutana mara mbili kwa mwezi. Kila mkutano mwanachama hutoa 1,000/= ya chungu. Mwenye zamu hupika, tunakula pamoja, ndipo tunafungua sanduku. Masharti ni mawili tu. La kwanza, upike kile mnachokula nyumbani siku za kawaida, siyo cha harusini. La pili, hakuna kusema "mimi hicho sili" kabla hujaonja. Ukishaonja, sema ukweli wako, hakuna atakayekununia.

Hapa Morogoro tumetoka pande zote. Wapo Waluguru wenyewe, wapo waliokuja na reli kutoka Dodoma, wapo wa Kilimanjaro, wa Tanga, wa Kigoma. Basi siku za mwanzo ilikuwa vituko. Mwenzetu wa Kigogo alileta ugali wa uwele na mlenda mkavu. Alichemsha maji na magadi kidogo, akatia mlenda wa kutwanga huku anakoroga, akamalizia na karanga. Mwenzetu wa Moshi alitia tonge mdomoni akabaki anaangalia juu. Jamani, haliendi wala halirudi! Tulicheka mpaka machozi. Zamu yake ilipofika akapika mtori, ndizi zimepondwa kwenye supu ya mifupa. Mgogo naye akauliza, "Huu si uji wa mgonjwa?" Kumbe kwao Uchagani ndio anaopewa mzazi ili arudishe nguvu. Leo yule wa Moshi anaagiza mlenda kutoka Dodoma, na Mgogo amempikia mtori binti yake alipojifungua.

Tunasema haya kwa sababu wengi wetu tulikuja na aibu ya vyakula vyetu. Wenye umri wetu tunakumbuka miaka ya mwanzo ya themanini, foleni za sukari na mafuta, na ule unga wa njano tuliouita unga wa Yanga. Tulikula tumenuna, lakini tulikula. Ndiyo maana tulipopata vijisenti tukakimbilia sembe nyeupe na nyama, tukaona dona, mlenda na dagaa ni alama ya shida. Mgeni akibisha hodi, mtu anaficha sufuria! Chungu cha mkutano ndicho kilichotutoa aibu hiyo.

Na tumejifunza mengi pale jikoni. Tunayataja machache ili na wasomaji wa kitabu hiki wafaidike.

Dona. Watoto waliikataa, eti chakula cha jela. Mwenzetu mmoja akatuambia tuanze kwa kuchanganya, sembe nyingi na dona kidogo, halafu kila wiki tuongeze dona. Baada ya miezi miwili hakuna mtoto aliyeuliza. Ila usisage debe zima. Dona ina kiini cha hindi chenye mafuta, ikikaa sana inachacha. Saga kidogo kidogo.

Maharage na makande. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, bandika na maji mapya. Mkaa unaobaki utakushangaza. Makande ukiyamalizia na tui la nazi kama wanavyofanya wa Tanga, hata asiyependa atafuta sahani.

Dagaa. Wale wadogo wa Mwanza wana mchanga, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, wakauke, ndipo ukaange. Weka kitunguu na nyanya, ndimu mwishoni. Mwenzetu wa Kigoma anasema hao si dagaa, dagaa ni wa kwao tu. Tumemwachia maneno yake.

Kisamvu. Kitwange sawasawa, ukichemshe muda mrefu bila mfuniko, maana majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa moto na mvuke. Nazi na karanga ni baadaye. Hapa hakuna haraka.

Mchicha na matembele. Usichemshe mpaka yanyong'onyee kisha ukamwaga maji, unamwaga na faida yake. Pika muda mfupi, kamulia ndimu wakati wa kula. Wataalamu wa lishe wanatufundisha kwamba ndimu inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga, na kwamba chai ya rangi pamoja na chakula inayazuia. Chai isubiri.

Ndugu Mgeni Rasmi, liko jambo moja lililotugusa zaidi. Mwaka wa kwanza tulizungushana swali: "Wewe unapenda kula nini?" Swali jepesi. Lakini wako akina mama watu wazima walioshindwa kulijibu. Mmoja alisema, "Baba Fulani anapenda pilau." Tukamwambia hatukumuuliza Baba Fulani. Akanyamaza. Miaka yote tumejua nani nyumbani hapendi bamia, nani hataki vitunguu, nani mboga ikiwa majani siku mbili anavuta uso. Firigisi ni ya baba, paja ni la watoto, mama anafuta sufuria na ukoko. Wengine tulikatazwa mayai tukiwa wajawazito, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Tumekaa na njaa tukiwa ndio tunaopika! Akina baba mliopo hapa, hatuwagombezi. Tunawaomba tu leo mkirudi nyumbani muulize swali hilo hilo, na msubiri jibu.

Sasa tuje kwenye lililo mbele yetu. Katika Mkutano Mkuu wa mwezi ujao kuna pendekezo kwamba chungu kifutwe, na zile 1,000/= ziingie kwenye mfuko wa mikopo. Wenzetu walioleta pendekezo wamepiga hesabu: watu 28, mikutano 24, ni 672,000/= kwa mwaka. Hesabu yao ni sahihi, na hela hiyo ingemkopesha mtu akaongeza biashara yake. Pia wanasema wengine wanachelewa kurudi kwenye genge kwa sababu ya kula. Hayo ni ya kweli, hatuyapuuzi.

Lakini kabla hatujanyoosha mikono, tukumbuke mwaka 2018. Mwenzetu mmoja, ambaye ameturuhusu tuseme bila kumtaja, alikuwa halipi rejesho. Mikutano mitatu mfululizo. Kwenye daftari alionekana mkaidi, na wengine walikwisha sema tukachukue kitanda chake. Ni mpishi wa zamu aliyeona kwamba haleti mkono mdomoni. Anapokea sahani, anazungumza na watu, halafu kimya kimya chakula kinaingia kwenye mfuko wa rambo, wakati huo rambo hazijakatazwa. Tukamfuata nyumbani jioni. Watoto wanne, mume yuko hospitali, jiko halijawashwa tangu juzi. Tukamwongezea muda wa kulipa, na kila mmoja akapeleka kibaba cha unga. Alilipa mkopo wote kwa miezi kumi na moja. Leo ni mmoja wa washika funguo wetu.

Daftari lilituambia mtu hajalipa. Ni chungu kilichotuambia kwa nini. Kikundi kinachokopeshana bila kujua nani amelala njaa kitaishia kunyang'anyana masufuria, na tumeviona vikundi vya namna hiyo vikivunjika.

Kwa hiyo msimamo wa kamati ni kwamba chungu kibaki. Tunakubali kipunguzwe gharama, ikibidi iwe 500/= na tule uji wa ulezi na mihogo ya kuchemsha, na tuanze saa moja mapema ili wenye magenge wawahi. Ila tukae, tuonane tunavyokula. Uamuzi ni wenu wanachama, kura ni ya siri, na lolote litakalopita tutalifuata sote bila kinyongo.

Mwisho tunamshukuru Mgeni Rasmi, wapishi wetu walioamka saa tisa usiku, na waume zetu walioteka maji. Leo kuna mlenda, mtori, kisamvu cha nazi na dagaa wa aina zote mbili ili pasiwe na ugomvi. Onja kwanza, ndipo useme.

Umoja ni nguvu.